Maiki Mbili za Bwana Mita

Baba yangu alisoma mita za maji kwa miaka thelathini na moja, na hata baada ya kustaafu mtaa mzima uliendelea kumwita Bwana Mita. Alikuwa mkono wa birika kupindukia. Msumari uliopinda aliunyoosha kwa nyundo akaurudisha mkebeni, na kipande cha sabuni kilichobaki alikigandamiza juu ya sabuni mpya. Mimi na kaka yangu tulimcheka tangu utotoni, naye alitucheka sisi kwa kununua vitu kwa sababu ya uzuri wa boksi. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani namwandika mtakatifu. Namwandika mtu niliyemtukana mbele ya mkewe, na tusi lile linanikaa kooni mpaka leo.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishonea chumba cha mbele, dirisha wazi, akiimba kutwa nzima, na wateja wengine walikuwa wanachelewa kuondoka hata baada ya kukabidhiwa nguo zao. Asubuhi moja alikuwa anakata mkono wa gauni, mkasi ukamponyoka. Alipojaribu kutuambia kuna nini, ulitoka mvumo tu. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia na maneno yote. Akili kilimwachia, na mimi naona huo ndio ulikuwa ukatili wake mkubwa. Alielewa kila tulichosema, hata yale tuliyonong'ona jikoni.

Miezi minane ikapita. Nilirudi kuishi nyumbani, nikawa nafanya kazi duka la dawa asubuhi na kumwangalia mama mchana. Dada wa hospitali aliyekuwa akimpa mazoezi ya kuongea alitueleza siku moja kwamba wapo wagonjwa wasioweza kutamka hata "maji", lakini ukiwawekea wimbo wanaoujua sana, maneno yanatoka yenyewe. Akasema tusijenge matumaini makubwa, ni jambo la kujaribu tu. Baba hakusikia hiyo sehemu ya mwisho. Nilimwona alivyokaa wima kitini kama mtu aliyeitwa jina.

Sebuleni tulikuwa na hom thieta aliyotununulia kaka alipopata kazi ya mbali. Spika tano ndogo, moja kubwa ya chini, na runinga pana ukutani. Baba aliitumia kusikilizia taarifa ya habari tu, sauti chini kabisa, eti isichakae. Sasa akaamua kuigeuza iwe ya karaoke, kwa bei ambayo haitamkosesha mstaafu usingizi. Kwa wiki nzima alizunguka maduka. Muuzaji mmoja alimwonyesha spika ya magurudumu yenye taa za rangi saba, baba akamuuliza taa zinaimba sehemu gani. Mwingine alimpa maiki zisizo na waya. Baba akazijaribu pale pale dukani, akagundua sauti inafika kwenye spika baada ya mdomo kufunga, akazirudisha. Alimwambia yule kijana kwamba mgonjwa wake ameshacheleweshwa vya kutosha.

Alirudi na maiki mbili za waya, kiboksi cha kuchanganyia sauti kisichozidi tofali, na waya mmoja wa kukiunganisha na hom thieta. Hapo ndipo nilipoona baba yangu alikuwa mtu gani kazini. Siku ya kwanza maiki ilipiga yowe mpaka mama akaziba sikio kwa mkono wake mzima, basi baba akapanga upya spika zote ili zielekee mbali na kiti cha mama, akachora kwa chaki mahali pa miguu ya kiti hicho. Spika ya chini ilikuwa inamtetemesha, akaifunika blanketi kuukuu. Mwangwi akauzima kabisa. Alisema mama asisikie watu wawili wakati anamtafuta mmoja.

Tulianza na nyimbo za kwenye mtandao, zile ambazo maneno yanapita kwenye runinga. Kila saa kumi alasiri mama alikaa kwenye alama za chaki, maiki mkono wa kushoto, mimi na ile ya pili. Niliimba mpaka nikajionea aibu. Mguu wa mama ulifuata mapigo bila kukosea, midomo ikafunguka, na kilichotoka ni pumzi. Wiki mbili hivyo. Yule dada wa mazoezi akauliza kama hakuna wimbo anaoujua kuliko hizi.

Ulikuwepo, tena aliutunga mwenyewe kwenye cherehani. Miaka kumi na moja nyuma, siku kaka alipohitimu chuo, mama aliuimba hapa hapa sebuleni, rafiki wa kaka akimpigia kinanda, na kaka akamrekodi. Dakika nne na kidogo. Uliwekwa kwenye flashi iliyokaa kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo. Baada ya kiharusi hakuna aliyethubutu kuusikiliza. Kaka aliamini ninayo nakala, mimi niliamini anayo yeye.

Wazo la kuutoa sauti lilikuwa langu, na hilo nalikiri. Kwenye laptopu yangu palikuwa na programu inayochuja wimbo kwa kumwondoa mwimbaji na kuacha ala. Nilifikiri mama akikuta kinanda chake kiko peke yake, ile nafasi yake itamvuta. Jumamosi nilimfundisha baba kwa kutumia wimbo mwingine, hatua kwa hatua, naye akaandika kila hatua kwenye daftari kwa ule mwandiko wake wa namba za mita. Jumatatu nikaenda kazini, nikamwachia laptopu na flashi.

Sasa hapa lazima nieleze kazi ya baba. Zamani walisoma mita kwa daftari na penseli. Kila nyumba ilikuwa na kiboksi chake kwenye karatasi, na namba mpya ikiingia, ya zamani ilifutwa kwa ufutio hadi karatasi iwe nyeupe. Mwaka wake wa tatu kazini baba aliacha namba mbili kwenye kiboksi kimoja. Ofisini wakachanganya, nyumba ile ikakatiwa maji wiki mbili, na ndani mlikuwa na mama aliyetoka kujifungua. Baba alienda kuwaomba radhi, wakamfungia mlango usoni. Tangu siku hiyo alikula kiapo. Mita moja, namba moja. Alituhubiria maneno hayo mpaka kwenye madaftari yetu ya shule. Hakuwahi kuacha vitu viwili kwa jina moja, na ukiacha wewe, anakufutia.

Niliporudi Jumatatu ile nilimkuta amenyoa ndevu. Mama alikuwa amevalishwa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, nywele zimechanwa upande. Baba aliniambia nikae, akabonyeza.

Kinanda kikaanza, safi kabisa, kama kimepigwa jana. Mahali pa kuingilia mama pakafika, pakapita. Mama hakuinua maiki. Alikuwa anatazama spika, ya kushoto, ya kulia, zile za nyuma, akigeuza shingo kwa shida. Nilichukua muda kuelewa anachofanya. Alikuwa anajitafuta. Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, na uso wake ukajikunja taratibu kama wa mtu aliyefika nyumbani akakuta pamehamwa.

Nikamwambia baba asimamishe, tumwekee kwanza ule wenye sauti yake, ajisikie, halafu ndipo tumpe huu.

"Huu ndio wimbo," akasema.

"Ule wa mwanzo, baba. Wenye mama ndani."

"Niliufuta. Huu mpya nimeupa jina lile lile, zisije zikawa mbili zikatuchanganya." Alisema hivyo kwa utulivu, kama anayeripoti kazi iliyokwisha. Kisha nikaona macho yake yanabadilika.

Niliivuta laptopu iliyokuwa inaupiga wimbo, flashi ikiwa bado imechomekwa, nikaikagua. Wimbo ulikuwa mmoja. Nafasi yote iliyobaki alikuwa ameijaza zile nyimbo za mtandaoni, ili flashi isikae bure. Damu ikanichemka. Ningeweza kutoka nje. Ningeweza kumvuta hadi jikoni nikamwambia huko. Badala yake nilisimama katikati ya sebule, mama akiwa kitini pake anasikia, nikasema:

"Miezi minane tunamsubiri aseme hata neno. Sauti yake ilibaki moja tu duniani, na wewe umeifuta kama namba ya bomba la mtu. Ubahili wako umemmaliza."

Mama alifumba macho. Kile kinanda kilichobaki kikawa kinaendelea, maana hakuna aliyekumbuka kukizima.

Fundi wa kompyuta alikaa na flashi siku nzima, akanirudishia bila kuniangalia usoni, akasema palipokuwa na wimbo pameshaandikwa kitu kingine juu. Kaka nilimpigia simu. Aliponiuliza, "Si unayo wewe?" nilikata tamaa kabisa. Simu yake ya zamani, ile aliyorekodia, ilishaibiwa miaka mingi nyuma.

Siku tatu baba hakuingia sebuleni. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na mkebe wake wa misumari, akinyoosha mmoja mmoja. Sikumwomba radhi. Nilijiambia kwamba yeye ndiye anayepaswa kuniomba mimi, na kwamba akiniomba nitamsamehe. Nilikuwa nimevimba kichwa hivyo.

Siku ya nne, saa kumi alasiri, aliingia, akamsogeza mama mpaka kwenye alama za chaki, akampa maiki yake. Kisha ile ya pili, ambayo siku zote nilikuwa naishika mimi, akaichukua yeye. Akawasha ule wimbo wa kinanda kitupu.

Lazima mjue kwamba baba hakuwa na sikio la muziki kabisa. Katika miaka yote ya ndoa yao sikumsikia akiimba, kwa sababu mama alimpiga marufuku mapema. Hakuweza kuvumilia mtu anayeharibu wimbo, hata akiwa mteja na fedha mkononi. Na sasa baba aliingia kabla ya kinanda, akashuka pale pa kupanda, akasahau mstari, akabuni mwingine wa kwake usio na vina. Spika tano zikaitoa sauti yake yote nje mpaka barabarani. Jasho lilikuwa linamtiririka. Hakumtazama mama. Alikuwa anaimba huku ametazama ukuta, kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa.

Katikati ya ubeti wa pili mama akainua maiki.

"Siyo," akasema.

Lilitoka zito, limeburuzwa, lakini lilikuwa neno, na lilikuwa sauti yake. Lilizunguka sebule nzima kutoka kila kona. Baba aliacha kuimba.

"Siyo nini, mke wangu? Nionyeshe."

Akajaribu. Midomo ilihangaika, mshipa wa shingo ukatoka, halikuja jingine. Akalirudia lile lile, sasa kwa hasira, na baba akacheka huku analia. Mimi nilitoka nje. Nilikuwa na aibu kuwa chumba kimoja nao.

Yule dada wa mazoezi alifurahi sana, akaleta picha na kadi zake. Mama alizitazama zote akanyamaza. Neno lilikuja mahali pamoja tu, alasiri, baba anapoharibu wimbo. Basi baba akawa anauharibu. Siku za mwanzo hakuhitaji kujitahidi, baadaye kwa kurudia rudia alianza kuupatia bila kutaka, ikabidi akae mezani asubuhi na daftari lake akipanga atakosea wapi. Alibadilisha makosa kila siku ili asimchoshe. Sijamwona mtu akifanya kazi kwa uangalifu namna ile. Wiki saba mfululizo mama alimsahihisha, na nyumba ilikaribia kuwa nyumba.

Mara nyingi nilitaka kumwambia samahani. Nilingoja alasiri iliyo nzuri zaidi.

Daktari alitueleza baadaye kwamba kiharusi cha pili kilimpata mama mchana wa Alhamisi, akiwa amekaa kitini, bila kuanguka wala kulia. Alifariki Jumapili, bila kusema kitu. Lakini alasiri ile ya Alhamisi tulijua tu kwamba amekula kidogo na amechoka. Baba alimsogeza kwenye alama, akamfumbatisha maiki vidole kimoja kimoja, akaanza. Aliingia mapema. Aliruka ubeti wa pili wote. Akamalizia kwa mkwaruzo ambao hata mbwa wa jirani aliubwekea.

Akasubiri. Mama alikuwa ametazama dirishani, na maiki ilikuwa imemlalia mapajani.

Niliyaona macho yake nikajua, nikaanza kutafuta simu. Baba hakunigeukia. Aliurudisha wimbo mwanzo, akasogea karibu zaidi na kiti, akaukosea tena, polepole, kila neno.