Mashine Tano na Mdomo Mmoja

Bibi Pindo hajawahi kumwomba mtu radhi tangu azaliwe, na kama aliwahi basi ilikuwa ndotoni. Alikuwa fundi wa sare za shule. Mashine yake ilikuwa ya kwanza kwenye safu ya mashine tano barazani, chini ya bati moja lililotoboka kama chujio, na kila aliyepita barabarani alipita chini ya macho yake. Sketi ikipita imepanda upande mmoja, alipaza sauti: "We binti! Hiyo kakushonea nani, adui yako?" Jina la Pindo hapo ndipo lilipotokea, na alilivaa kama cheo.

Tepu ya kupimia hakuitumia. Namba zikishazidi ishirini alizitazama kama wageni walioingia bila hodi. Yeye alipima kwa kamba. Kamba zilining'inia ukutani kwenye misumari, kila moja na mafundo yake: fundo la bega, fundo la kiuno, fundo la goti. Wenye tepu wakikosea alicheka mpaka akashika meza. "Namba zimekuangusha tena, baba? Pole. Njoo nikuuzie kamba."

Shule aliiachia darasa la tatu, na si kwa kupenda. Mwalimu alimwambia baba yake kuwa huyu mtoto ni mzito wa kichwa, asipotezewe muda. Baba akaamini, madaftari yakawashiwa moto jikoni, basi, imekwisha hiyo. Miaka hamsini na kitu ilipita, na lile neno "mzito" bado lilikuwa ndani yake kama ncha ya sindano iliyovunjikia kidoleni. Hulioni, lakini ukigusa utajua.

Sasa huyu Bibi Pindo alikuwa na mjukuu wa kike wa miaka minne na ushee. Walimwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi cha mashine, kwa sababu alikuwa mdogo, wa mviringo, na hatulii. Mama yake, binti pekee wa Bibi, alifungasha sabuni kiwandani, anaondoka jua halijatoka. Kwa hiyo Bobini alikulia barazani. Alilala kwenye kapu la vipande vya vitambaa. Alijifunza kusimama akishikilia mguu wa meza. Kutembea alifundishwa na Kiuno, fundi wa suruali, mwanamume mrefu kama ngazi aliyepewa jina hilo kwa kuwa hajawahi kupatia kiuno cha mtu hata mmoja. Kiuno alichuchumaa upande wa pili wa baraza, akamwonyesha kifungo chekundu, na mtoto akakifuata hatua sita bila kuanguka. Kile kifungo kikawa chake tangu siku hiyo.

Kitu kimoja tu kilipungua. Bobini alikuwa hasemi.

Daktari alimkagua masikio, akasema ni mazima. Ulimi mzima. Barazani hawakujali, maana kwao alikuwa anasema sana. Tatizo ni wewe, kama hukuwajua watu wale. Mashine tano zikikimbia pamoja chini ya bati, hata ukipiga ukelele wa mwizi, mwizi anabaki anakuangalia tu. Basi mafundi walizungumza kwa mikono. Kidole kimoja juu: uzi. Vidole viwili vikifunguka na kufunga: mkasi. Kusugua vidole: chaki. Kujipapasa shavu: huyo mteja ni msumbufu, mwache aende. Na kushika ncha ya pua: huyu anadanganya. Hiyo ya pua ilitumika mara nyingi kuliko zote, hasa mteja aliposema atarudi kesho.

Bobini alizijua zote kabla hajaota meno ya nyuma. Nyingine alizitunga mwenyewe. Akitaka maji, mikono minne inakimbilia kikombe. Sasa mtu wa kuhudumiwa hivyo ataongea ili iweje?

Siku ya kuandikisha watoto wa chekechea, Bibi Pindo alimvalisha sare aliyoimaliza wiki mbili kabla, pindo nene la kuachia miaka mitatu ya kurefuka, wakaenda shuleni. Mwalimu alikuwa mwanamke msafi, miwani shingoni, meza imejaa fomu.

"Karibu, bibi. Karibu, mtoto mzuri. Unaitwa nani?"

Bobini akamtazama.

"Usiogope. Sisi hapa watoto wote tunawapenda sawasawa."

Bobini akainua mkono taratibu, akashika ncha ya pua.

Bibi Pindo aliuma mdomo wa chini asije akacheka akaharibu kazi. Mwalimu akauliza jina tena, akauliza rangi ya mpira, akauliza paka analiaje. Kimya. Akavaa miwani.

"Bibi, nisikufiche. Mtoto huyu mzito. Darasa lina watoto arobaini, sina pa kumweka asiyesema. Mlete baada ya wiki tatu. Akitaja jina lake hapa mbele yangu, nitamwandika. Asipotaja, mrudishe nyumbani akue kwanza."

Neno lilikuwa lilelile. Bibi Pindo alisikia ile ncha ya sindano ikigeuka kidoleni.

"Mwalimu, sare za darasa lako lote nimeshona mimi. Kila kiuno cha humo ndani nakijua. Hakuna mzito humo, na huyu si mzito. Wiki tatu, sivyo? Kaa hapohapo."

"Nitakaa wapi pengine, bibi? Ndiyo kazi yangu."

"Vizuri. Usihame."

Jioni binti yake aliporudi ananuka sabuni, akasikia habari, hakulia. Alikaa kitandani akavua viatu.

"Mama, ni sisi."

"Sisi nini?"

"Sisi ndio tuliomziba mdomo. Mimi nikirudi nimechoka, ananionyesha kidole nampa. Wewe mchana kutwa mikono tu. Nani amewahi kumsubiri mtoto huyu aseme?"

"Kwa hiyo nimemharibu? Sema tu, umejaza maneno kifuani."

"Sijasema umemharibu. Nimesema hajawahi kuhitaji."

Bibi Pindo alivuta kiti akakaa. Alimtazama Bobini, aliyekuwa sakafuni anapanga vifungo kwa ukubwa bila kukosea hata kimoja. Kumbe alikuwa ameshona mwenyewe mshono uliokaa vibaya, mbele ya macho yake, miaka minne, na yeye ndiye fundi anayewacheka wenzake.

Lakini fundi akikosea halali chini akazimia. Anafumua, anashona upya.

Asubuhi iliyofuata alisimama katikati ya baraza, mikono kiunoni.

"Sikilizeni, waheshimiwa mnaojiita mafundi. Kuanzia leo saa ya kwanza ya kazi hakuna mashine. Tunafanya vya mkono: vifungo, mapindo, kufumua makosa ya Kiuno, yako mengi yatatutosha. Na katika saa hiyo hakuna ishara. Atakayeinua kidole anafagia vipande vya baraza zima."

"Na nikiwashwa pua?" akauliza Kiuno.

"Jikune kwa mdomo."

"Bibi, wateja watatukimbia!"

"Wako walishakimbia zamani, kwa hizo suruali. Kaa chini."

Wakakaa. Baraza likawa kimya hata mpita njia akauliza kama kuna msiba. Mafundi walikuwa hawajui la kusema. Miaka yote hiyo wamekaa bega kwa bega, na sauti ya mwenzake kila mmoja aliisikia kama ya mgeni. Kiuno alifagia siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, maana mkono wake ulikuwa unainuka wenyewe.

Bobini alipokuja na kidole kimoja juu, hakuna aliyetikisika. Akainua zaidi. Akapunga. Akamvuta Bibi gauni.

"Nakusikiliza, mke mwenzangu," Bibi akasema, maana ndivyo alivyozoea kumtania. "Unataka nini?"

Mtoto akapiga mguu chini. Akamwaga kopo zima la vifungo. Akalala kifudifudi barazani akapiga sakafu kwa ngumi kama anadai nyumba yake. Jirani wa ng'ambo ya barabara akapaza sauti kuwa wanamtesa mtoto wa watu, na Bibi akamjibu kuwa ukitaka mateso njoo ushonewe suruali na Kiuno. Alitania hivyo, lakini mikono yake ilikuwa inataka kumwinua mtoto, na aliikalia ili isimsaliti.

Wiki ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaanza. Walimwimbia, walimsimulia uongo wa kila aina, waliitaja kila sindano kwa jina. Mtoto aliwatazama tu, kama mteja anayesubiri waishiwe.

Siku ya kumi na moja, Kiuno alikalia kile kifungo chekundu. Kwa makusudi au kwa bahati mbaya, mpaka leo hasemi. Bobini akaonyesha ishara ya kifungo. Kiuno akatazama bati, akahesabu matundu. Akaonyesha tena. Kiuno akauliza hewani, "Hivi mvua itanyesha leo?" Mtoto akampanda magotini, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akaugeuza uso wa lile jitu mpaka pua zikagusana.

"Kifungo," akasema. "Inuka."

Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya mkwaruzo, kama mlango wa stoo. Kiuno akainuka, akampa kifungo chake, machozi yanamtiririka.

"Futa hayo!" Bibi Pindo akafoka. "Unalowesha suruali ya watu!" Na yeye akageukia ukuta, akajidai anatafuta kamba.

Siku zilizobaki maneno yalitoka moja moja. Uzi. Chaki. Sitaki. Hilo la mwisho alilipenda kuliko yote. Mama yake alilisikia jioni akacheka mpaka akashika ukuta, kwani hakujua kama mtu anaweza kufurahi hivyo kukatazwa kumwogesha mwanawe. Ila kulikuwa na jambo lililowanyima usingizi wote wawili: mgeni akitokea tu, Bobini alinyamaza kama mashine iliyokatika mkanda.

Siku ya siku ikafika. Mama akaomba ruhusa kiwandani. Kiuno akafunga mashine akawafuata, ingawa hakuna aliyemwalika, akabaki dirishani pale shuleni na shingo yake ndefu imeingia ndani.

"Haya, mtoto mzuri," mwalimu akasema. "Unaitwa nani?"

Kimya. Mama akashika pindo la blauzi yake akalikunjakunja. Bibi Pindo mkono ulimwasha, alitaka kumfanyia ishara moja tu, ndogo, chini ya meza. Akaukalia.

"Mtoto. Jina lako?"

Bobini alikuwa anatazama chini ya meza, kwenye miguu ya mwalimu.

Mwalimu akavua miwani, akashusha pumzi. "Bibi, mnaona wenyewe. Nilishasema. Mtoto huyu hajui kusema."

Bobini akashika ncha ya pua. Halafu, kama aliyekumbuka kuwa kwa watu hawa mkono peke yake hautoshi, akafungua mdomo.

"Najua."

Mwalimu akabaki na miwani mkononi.

"Najua," mtoto akarudia, kwa ile sauti ya mlango wa stoo. "Pindo lako limefumuka. Hapo nyuma. Bibi ana uzi."

"Mwambie na jina!" Kiuno akapayuka dirishani.

"Sitaki," Bobini akamjibu bila kugeuka. Halafu akamgeukia mwalimu, akalitaja jina lake: lake, la mama yake, na la bibi yake, neno kwa neno, na akaongeza la Kiuno kwa kuwa alikuwepo.

Mwalimu alitazama sketi yake nyuma. Kweli, pindo lilikuwa limening'inia kama ulimi wa mbwa. Akakohoa, akachukua kalamu. Kwenye fomu kulikuwa na mahali pa kuandika matatizo ya mtoto, na siku ile ya kwanza alishaanza kuandika hapo. Bibi Pindo akaweka kidole juu ya lile neno. Kusoma kwake kulikuwa kwa darasa la tatu, lakini neno lile angelisoma hata gizani.

"Hilo kata."

"Bibi, ni utaratibu tu wa..."

"Kata, mwalimu. Mistari miwili. Mimi nilibandikwa hilo nikiwa na miaka tisa, na mtu wa kulikata hakutokea. Leo ametokea."

Mwalimu akamtazama, akatazama mtoto, akakata. Mistari miwili.

"Sasa panda kwenye kiti," Bibi akasema, akichomoa sindano yenye uzi kwenye kilemba chake.

"Nipande wapi?"

"Kitini. Nishone hilo pindo. Mimi siinami leo, mgongo umekataa."

Mgongo haukuwa na neno lolote. Lakini mwalimu alipanda, kwenye kile kiti kifupi cha chekechea, akasimama hapo ameshika meza huku Bibi Pindo amenyooka wima anapita na sindano, mishono midogo, sawasawa, bure. Mama alikuwa anacheka na kufuta macho. Bobini akakagua kazi kwa karibu, akaitikia kwa kichwa kuwa inapita.

"Bibi," mwalimu akauliza kutoka juu, kwa sauti ya chini, "ile ya kushika pua. Maana yake nini?"

Bibi Pindo akakata uzi kwa meno.

"Muulize mwanafunzi wako," akasema. "Anasema."