Tulimsahihisha Baba Akikata Roho

Admin, jina langu nifichie. Mji sifichi, ni Kisii, na Waislamu wa hapa tulivyo wachache, mwenye kisa akisoma atajijua.

Nina miaka sabini na mbili na ninaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, mnivumilie. Mume wangu, ambaye mtaani wanamwita Ustadhi, anasafiri kwenda Hija wiki ijayo. Mnajua desturi yetu, mtu haendi Makka kabla hajaombana radhi na watu. Basi ameuzunguka mtaa mzima, hata jirani waliyekosana naye kwa ajili ya kuku ameombwa radhi. Juzi zamu ikanifikia mimi, nimekaa nachambua mboga za chinsaga. Akasema, "Mama Zuhura, kama kuna nililokukosea, niwie radhi." Kama kuna! Nikamwambia nasikia sufuria inaungua, nikaingia jikoni. Mpaka leo sijamjibu.

Baba yangu, ambaye kwa Kigusii tulimwita Tata, alizaliwa upande wa Ikonge katika ukoo wa Wasabato. Alisilimu ujanani akifanya kazi ya kuchinja ng'ombe mjini. Aliyemsilimisha ni shehe mzee wa pwani, mtu wa tarika ya Kisufi. Tata hakujua kusoma hata herufi moja, dini yake yote aliipokea kwa masikio. Miaka ya sitini nikiwa msichana, kila Alhamisi baada ya Magharibi yeye na wazee wenzake wanne walikaa duara kwenye mkeka wetu wakivuta zikri, wakiyumba taratibu mpaka kanzu zikalowa jasho. Sasa, Wagusii wa zamani herufi L haikuwaingia mdomoni. "La ilaha illallah" ya Tata ilikuwa "Ra iraa irara." Na "rara" kwa Kigusii ni lala. Shangazi zangu walimtania kwamba Mungu wake anaambiwa alale kila Alhamisi, na yeye alicheka pamoja nao. Hakuwa mtu wa kununa.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini Ustadhi alirudi kutoka masomoni ng'ambo, kijana, Kiarabu kinamtiririka. Tata ndiye aliyeniozesha kwake, akajisifu sokoni kwamba amepata mkwe msomi. Shukrani ya punda ni mateke. Mwaka haukuisha, Ustadhi akasimama msikitini kusema kwamba zikri ya duara ni uzushi, kwamba Mtume na masahaba hawakuyumba, na kwamba kumwita shehe aliyekufa zamani akuombee ni ushirikina. Sikatai, vitabu alikuwa navyo. Wako wanazuoni wengi wanaosema hivyo na wako wanaowapinga, ugomvi wao siuwezi. Lakini aliongeza maneno ambayo hayakuwa ya kitabuni. Alisema, "Na wengine jina lenyewe la Mungu hawalijui, wanamwambia alale." Watu wakacheka. Nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake wenzangu, nami nikacheka, kwa sababu nilikuwa mke wa msomi na niliona haya kuwa mtoto wa mchinjaji.

Miaka michache baadaye Tata aliugua tumbo. Hospitali wakatwambia tumrudishe nyumbani, tukamlaza kwetu mjini. Ijumaa moja alasiri wale wazee wanne wakaja kwa miguu kutoka Marani, mvua imewanyeshea, wamvutie zikri ndugu yao. Tata akasikia sauti zao, akaniambia, "Moiseke one, binti yangu, wafungulie." Mume wangu akasema nyumbani kwake uzushi hauingii. Hakugusa mlango. Aliyetia komeo ni mimi.

Muda si muda pumzi za Tata zikabadilika, akaanza mwenyewe, polepole, "Ra iraa irara." Ustadhi akamwinamia. "Si ra, mzee. La. Sema La." Tata akajaribu tena, ikatoka ile ile. "La, mzee, La." Nami nikamshika mkono nikamwambia, "Tata, sema La, tafadhali." Akanitazama mimi, si Ustadhi. Akafumba mdomo kama mwanafunzi aliyekosea mbele ya darasa, hakusema tena, na baada ya kitambo akafa.

Mwislamu huomba neno lake la mwisho liwe lile. Sisi tulimnyang'anya baba yangu mdomoni.

Uchungu haukuishia hapo. Mwaka jana Ustadhi alikuwa akifundisha vijana sebuleni namna ya kukaa na mgonjwa anayekata roho. Akawaambia, "Akilitamka mara moja mwacheni, msimsumbue. Na ulimi usioweza herufi Mungu ameusamehe, anajua mtu amekusudia nini." Niliposikia nikaweka chini sinia la chai. Nikangoja wale vijana waondoke, nikidhani sasa ataniita, atasema neno moja tu kuhusu Tata. Aliomba sukari.

Ndugu zangu, mume wangu hajanipiga, hajaniolea mke mwingine, watoto amewasomesha. Nikimnyima radhi, naogopa anabeba deni langu mpaka Makka, na ni mzee, huenda asirudi. Nikitamka kwamba nimemwia radhi, ni ulimi tu, moyoni hamna kitu. Nikimkumbusha, nitalazimika kusema mbele ya watoto, ambao wamejaa nyumbani kumuaga, ni nani aliyetia komeo. Yeye walau ana wa kumwomba radhi, mimi wangu yuko kaburini. Gari la kumpeleka Nairobi linakuja Alhamisi asubuhi na kila nikimwona kanzuni nakimbilia jikoni. Nyinyi mngekuwa mimi, mngemjibu nini?