Bakuli la Lipingo

Nilipangiwa kufundisha Mbinga nikiwa bado msichana wa Pangani ambaye hajawahi kumiliki sweta. Basi liliponishusha stendi, ukungu ulikuwa umelalia mabati, na kila mtu niliyemsalimia alitoa mvuke mdomoni. Mwaka ule wa kwanza nililia sana. Si kwamba watu walinitenda vibaya. Majirani waliniletea maharage, magimbi, hata kuni zilizokwisha kupasuliwa. Nililia kwa sababu hapakuwa na kitu hata kimoja cha kunikumbusha kwetu.

Sebule ya bibi yangu kule Pangani ilijaa vitu vilivyokuja na bahari: masinia ya shaba ya Kihindi, sahani za Kichina zilizotundikwa ukutani, mrashi wa shingo ndefu wa kunyunyizia wageni marashi siku za harusi. Utoto wangu wote nilivifuta vumbi kila Alhamisi, na kazi ile niliichukia. Nilikuja kujua kwamba navipenda nikiwa Mbinga, ambako havikuwapo.

Au nilidhani havikuwapo. Siku moja nikitokea Songea, basi letu lilipata pancha Kitai. Abiria tukashuka kunyoosha miguu. Kando ya barabara palikuwa na mnunuzi wa chuma chakavu, na katikati ya sufuria zilizotoboka na rimu za baiskeli nikaona shingo ya mrashi. Wa shaba, umebonyea tumboni, mweusi kwa moshi, lakini mrashi kamili.

"Kaka, hii umeitoa wapi?"

"Kwa mzee mmoja. Anasema iliachwa na Mhindi aliyekuwa na duka hapa zamani. Unaitaka? Mimi napima kilo tu, dada. Hata lingekuwa taji la mfalme, kwangu ni kilo."

Nikaupakata hadi Mbinga. Nikausugua kwa ndimu na majivu mpaka maua yake madogo yakajitokeza, kisha nikakaa sakafuni nikiuangalia kama mtu aliyetembelewa na ndugu.

Hapo ndipo ulipoanza ugonjwa wangu. Kila nilikokwenda nilichungulia jikoni kwa watu. Kule Litembo nilipata sanduku lenye misumari ya shaba, limejaa mbegu za mahindi. Kwa jirani mmoja nilikuta birika la Kiarabu likimwagilia miche ya kahawa, na mwenyewe aliposikia nalitaka, alicheka hadi akakaa chini, akanibadilishia kwa kopo la bustani. Baadaye nikaanza kuokota na vya hapo hapo: vigoda, mito ya mti ya kulalia, majembe yaliyofuliwa na mafundi wa zamani. Walimu wenzangu waliita sebule yangu stoo ya Sultani. Walikuja kunywa chai wakiuliza, "Leo umeokota nini?" na mimi sikuchoka kuwaeleza. Zile jioni za chai na ukungu dirishani ndizo ninazozikumbuka kuliko zote.

Miongoni mwao alikuwamo mwalimu wa hisabati, binti wa ziwani, kutoka Lipingo. Jioni moja alisimama mbele ya rafu yangu, akagusa ukingo wa kisahani cha Kichina nilichokuwa nimekileta kutoka kwetu likizo iliyopita.

"Dada," akasema, "bibi yangu ana kitu kama hiki. Ila chake ni bakuli, na ni kikubwa."

Sikulala vizuri mpaka likizo ilipofika.

Tuliteremka pamoja. Anayeshuka kutoka Mbinga kwenda ziwani huvua nguo kona kwa kona. Sweta nililivua mapema, mtandio ukafuata, na ziwa lilipojitokeza chini yetu, pana, halina mwisho, nikahisi nimerudi Pangani. Nilipanua pua nikitafuta harufu ya chumvi. Haikuwapo. Ni maji matamu yale.

Bibi yake alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti nzito. Alikuwa akianika dagaa wale wanaowaita usipa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyu ndiye mwalimu wa vyombo?"

Akaingia ndani, akatoka na bakuli amelikumbatia kifuani. Lilikuwa la kauri, jeupe lililofifia kidogo, na kulizunguka yamechorwa maua ya buluu, na ndani, chini kabisa, ndege mmoja mwenye mkia mrefu. Ufa mmoja ulilikata kutoka ukingoni hadi karibu na kitako, na fundi fulani wa kale alikuwa ameushona kwa vipande vya waya wa shaba, kimoja baada ya kingine, kama jeraha. Nilikuwa nimewahi kuona mabakuli mazuri kuliko lile. Sikuwahi kuona lililopendwa kiasi kile.

Nilimwomba mwenzangu amuulize kama angekubali kuniuzia. Mwenzangu alisitasita, kisha akauliza kwa lugha yao. Bibi hakukasirika. Alijibu mwenyewe kwa Kiswahili chake cha polepole, ili nimsikie vizuri.

"Hili halitoki. Siku lilipoingia, mtu alitoka."

Akanisimulia alivyosimuliwa na bibi yake. Watu wa msafara kutoka Kilwa walipiga kambi hapo ufukweni, wakitafuta pembe za ndovu na watu wa kuuza. Walipoondoka walimwachia mkubwa wa kijiji bakuli lile kama zawadi. Na msichana mmoja wa nyumba ile, aliyekwenda kambini kupeleka unga, hakurudi. Mama yake alitaka kulivunja. Alilipiga chini, likapata ufa ule. Kisha akalala nalo kifuani mpaka asubuhi, akalipeleka kwa fundi wa shaba lishonwe. Tangu hapo kila mtoto wa nyumba ile hulishwa uji wake wa kwanza humo.

"Ili yule msichana ajue kwamba kwao bado panaliwa," bibi akasema. "Nyinyi wa pwani, mabakuli kama haya mnayafanyia nini?"

"Tunayatundika ukutani, bibi."

"Bakuli ukutani?" Alimtazama mjukuu wake, wakaangua kicheko. "Huko linakula nini?"

Nilicheka nao, lakini uso uliniwaka. Nilikuwa nimetoka pwani kuja kuondoka na kitu cha nyumba ile ile, katika ufuko ule ule. Sikuuliza tena habari ya kununua. Ila kila likizo niliteremka kumwona, nikawa najua kuanika usipa na kupika mhogo kama apendavyo, na mara nyingi bakuli halikutajwa kabisa.

Kisha ziwa likapanda. Msimu mmoja maji yaliingia mashambani, msimu uliofuata yakabisha hodi milangoni. Jioni moja nikasikia hodi kwangu Mbinga, nikafungua, nikamkuta bibi amesimama na mjukuu wake, amejifunika mashuka mawili, anatetemeka kwa baridi. Mkononi ana ndoo ya usipa wakavu.

"Nyumba imekwenda," akasema.

Akaketi, akaanza kuchakura ndoo, na kutoka katikati ya usipa akalitoa bakuli, zima, limesafiri salama katikati ya samaki. Mjukuu wake, ambaye bibi angekaa kwake, alikuwa amepanga chumba kimoja na watoto wa dada yake, nao wanarusha mpira humo humo ndani.

"Wewe unajua kuvitunza. Litakaa kwako. Si lako."

"Si langu, bibi."

Nililiosha mara nyingi, lakini harufu ya usipa haikutoka haraka, na sebule yangu yote ikanuka ziwa. Bibi alikuja karibu kila siku baada ya misa, amevaa koti la mume wa mjukuu wake. Aliichukia baridi ya Mbinga kuliko nilivyoichukia mimi nilipofika. Alikuwa akivuta kiti, anaketi mbele ya rafu, mikono kwenye kikombe cha chai.

"Nimekuja kuliona," alisema.

Tuliongea hapo mambo mengi. Alitaka kujua kila chombo changu kilitoka kwa nani, na nilipokosa jibu aliguna. Mwalimu wa hisabati alipojifungua, na mtoto akafikia umri wa kula, bibi alipika uji sebuleni kwangu kwenye jiko la mkaa, akamlisha kitukuu chake kwa kidole. Walimu walijaa mlangoni. Hakuna aliyetania habari za stoo siku ile.

Kiangazi kilichofuata wanawe walimaliza kumjengea nyumba nyingine, juu zaidi, mbali na maji. Tulimrudisha, mimi na mwenzangu, nami nikiwa nimelipakata bakuli njia nzima. Alipofika aliingia kila chumba, akagonga kuta kwa kiganja, akatoka akaketi barazani akiangalia maji yaliyofunika uwanja wake wa zamani. Kisha akawasha moto, akakoroga uji wa mhogo.

"Kwenu hasa ni wapi?" akaniuliza bila kunitazama.

"Pangani, bibi."

"Na bibi yako alitoka wapi?"

"Pangani hapo hapo."

"Na mama yake?"

Nilikumbuka kwamba bibi yangu, aliyejua historia ya kila sinia ukutani, hakuwahi kusema neno juu ya mama yake. Tulipouliza utotoni alituambia twende tukacheze.

"Sijui," nikasema.

"Hujui." Akamimina uji bakulini. "Basi kaa chini ule. Hata yule wetu hatujui alifika wapi."

Niliketi mkekani, mwanamke mzima mwenye mvi, nikala. Alinisimamia mpaka nikafika kwenye yule ndege aliyechorwa. Mwenzangu aligeuka akajifanya anachochea moto.

Bibi alifariki mvua zilipoanza. Nilikaa matangani pamoja na wajukuu, na waombolezaji wa vijiji vya jirani walipouliza mimi ni nani, wenyeji walijibu kwamba ni wa humu.

Sasa nimestaafu. Wadogo zangu wa Pangani wananiuliza nitarudi lini, nami nawajibu kwamba kahawa yangu haijavunwa. Vitu vyangu vingi nimewarudishia watu waliovitambua: mto wa babu wa mmoja, kigoda cha shangazi wa mwingine. Rafu ina nafasi nyingi na sioni haja ya kuijaza. Mwezi uliopita niliteremka tena Lipingo, kwa barabara ya lami siku hizi, kuhudhuria uji wa kwanza wa mtoto mwingine wa nyumba ile. Mwalimu wa hisabati ndiye aliyelisha kutoka bakuli lile lile, kwa kidole kama bibi yake. Mtoto alionja, akakunja uso, akautema wote kwenye kifua cha babu yake, na nyumba nzima ikacheka hadi kuku wakakimbia.