Kamba za Viatu vya Dereva

Kila mwaka dereva wa basi la shule huwafikisha watoto kwenye makumbusho ya haki za watu weusi, hapo Birmingham, naye hubaki kwenye usukani akikaza kamba za viatu ambazo wala hazijalegea. Safari hii mvua iliyovuja ndani ya basi ilimwingiza makumbushoni, akakaa kando ya mwanafunzi mmoja, Odessa. Mtembeza wageni akaomba, kama ilivyo ada, wazee walioandamana utotoni kudai haki hizo wasimame wapigiwe makofi. Dereva akainamia kamba zake.

"Bibi, inuka bwana!" Odessa akamnong'oneza. "Si umezaliwa hapa hapa?"

"Wenzangu walitoka shuleni wakaenda jela wakiimba. Mimi mama alinifichia viatu."

"Si ungeenda peku!"

Dereva akakaza fundo.

"Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili, mjukuu wangu. Viatu sikuvitafuta."