Wivu wa Kalipinde

Mbwa wa Kalipinde aliitwa Nsanje, yaani Wivu. Huko Ntcheu, mtu akiwa na lake moyoni humpa mbwa jina la kumsema jirani, kisha kazi yake ni kuita tu kwa sauti. Kalipinde alimpa mbwa jina hilo wiki ileile jirani yake Elesi alipopewa mbuzi wa kikundi cha akina mama, na Fanesi, mke wa Kalipinde, akaambiwa asubiri zamu yake.

Elesi hakujali jina, alijali meno. Mbwa hafungwi, halishwi, anazurura na wenzake watatu wasio na mwenyewe. Walianza na kuku wake watatu. Alipokwenda kulalamika, alimkuta Kalipinde anatafuna kiazi cha kuchoma, hata hakuinuka.

"Uliwaona, mama?"

"Manyoya yalikuwa mdomoni mwake!"

"Basi alikuwa anaokota taka. Fagia uwanja wako."

Hata kupiga kelele hakuweza. Siku moja alitoka mbio na mchi akipaza sauti, "Wivu! Jamani, Wivu kaingia kwangu tena!" Wanawake waliokuwa kisimani wakacheka hadi wakashika mbavu.

"Tubu basi, mama!" mmoja akamjibu.

Tangu hapo alimfukuza kimyakimya kwa mawe. Aliziba ua kwa miiba, mbwa wakachimba chini yake. Alikwenda kwa mkuu wa kijiji, akaambiwa majirani wapatane. Apatane na nani, na mbwa?

Kilichomchoma zaidi ni kwamba mbuzi wake alikuwa amezaa jike, na kwa sheria ya kikundi mwanambuzi jike wa kwanza akishaachishwa kunyonya hupewa anayefuata. Anayefuata alikuwa Fanesi, na siku ya kukabidhi ilikuwa Jumapili.

"Mfunge mbwa wako mpaka Jumapili tu, bwana," Elesi alimsihi Kalipinde. "Huyu mbuzi anakuja kwako!"

"Akishafika ndipo nitamfunga mbwa."

Alhamisi Elesi alikwenda kusaga mahindi. Aliporudi, mbuzi mkubwa alikuwa analia, na chini ya banda Wivu amemlalia yule mdogo, koo limeraruliwa. Elesi alimtimua kwa jiwe, akatua unga wake, akalia kwa ghadhabu.

Kisha alimfunga yule mwanambuzi kwa kitenge, akambeba mgongoni kama mtoto, akampitia Mama Mwandida, kiongozi wa kikundi, maana mnyama akifa lazima aonyeshwe na kilichomuua kitajwe. Akina mama wengine wakafuata. Elesi alimlaza mbele ya mlango wa Kalipinde.

"Mbuzi wako huyo, bwana. Waambie akina mama, nani kamuua?"

Kalipinde alimtazama mbwa wake, aliyekuwa akijiramba damu kando ya jiko. "Mbwa."

"Ana jina. Kila siku unaliita mpaka ng'ambo ya kijito wanasikia. Leo limekupotea?"

Fanesi alitokea mlangoni. Mkononi alikuwa na kamba mpya aliyomsukia mbuzi wake. "Sema, baba," akamwambia mumewe.

"Ni Wivu," akasema Kalipinde kwa sauti ya chini.

"Wivu wa nani?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Wangu."

Elesi alirudi nyumbani kusubiri mimba nyingine ya mbuzi wake, miezi mitano tena, maana jike wa Fanesi bado alikuwa deni lake. Nyuma yake Fanesi alikuwa ameinama, anamfunga mbwa kwa ile kamba ya mbuzi.