Kinyonga wa Barazani

Mwezi wa saba, wakati watu wanapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, Hajra alimkuta kinyonga kwenye mkorosho wake wa mpakani, huko Nandagala. Unga wa salfa ulikuwa umemtapakaa mwili mzima, macho ameyafumba. Hajra alikuwa akiwaogopa vinyonga tangu utotoni, kama wengi wa kwao. Lakini alipoona huyu anavyohangaika kushika tawi kwa mguu usio na nguvu, alimkumbuka mtu aliyemwacha nyumbani. Akalikata tawi kwa panga, akarudi nalo amelinyoosha mbele kama aliyebeba moto.

Nyumbani alikuwa mumewe, Mikidadi. Kiharusi kilimpiga katikati ya Ramadhani, upande wa kulia ukafa. Hospitali walimfundisha mazoezi ya mkono. Aliyafanya siku tatu akaacha. Alishinda barazani kwenye kitanda cha kamba, uso kaugeuzia ukutani, na akiulizwa jambo hajibu.

Hajra alimwosha kinyonga kwa maji ya kikombe, akamweka kwenye mpera ulioinamia baraza. Kesho yake akamkuta mumewe amegeuka, anautazama mti.

"Ana njaa," Mikidadi alisema, maneno yakiburuzika.

Hajra akamkamatia panzi. Mikidadi akamshika kwa mkono wa kushoto, akamsogeza. Ulimi ukachomoka, panzi hayupo! Mikidadi akacheka, mdomo umekwenda upande. Hajra aliingia jikoni haraka, asionekane analia.

Jioni akaja jirani yao Magreti, ana ugoro kwenye kipande cha karatasi.

"Mtie huu mdomoni, afe leo leo. Mgonjwa na kinyonga nyumba moja! Mama Rahimu, unatafuta nini?"

"Namtafuta mume wangu," Hajra alimjibu. Magreti akaondoka na ugoro wake, na kwa miezi kadhaa akawa anasalimia kutoka barabarani tu.

Asubuhi moja Mikidadi aliuinua mkono wake mbovu kwa ule mzima, akauegesha kwenye tawi. Kinyonga akanyoosha mguu, akasita, akayumba mbele na nyuma, kisha akapanda. Mkono ukaanza kutetemeka.

"Utamwangusha, Baba Rahimu!"

"Simwangushi."

Hakumwangusha. Mwanzoni aliweza kumbeba mpaka kinyonga afike kwenye kiwiko. Korosho zilipoanza kudondoka, kinyonga alikuwa akifika begani, na Mikidadi alikuwa akiketi shambani kwenye kigoda, akizinyofoa korosho kutoka kwenye mabibo yake kwa mikono yote miwili, polepole.

Mvua za kwanza ziliponyesha, kinyonga alishuka chini, tumbo limejaa. Alichimba karibu na shina kutwa nzima, akataga, akafukia, kisha akajikokota kuelekea kwenye mbaazi. Hajra alitaka kumrudisha.

"Mwache, mama," Mikidadi alisema. "Amemaliza kazi yake hapa."

Mayai ya kinyonga hukaa ardhini miezi mingi, na kuku wa nyumba ile walikuwa wachakuraji. Mikidadi akawa anainuka na fimbo yake, hatua kwa hatua, kwenda kuwafukuza. Magreti alimwona akitembea, akasimama barabarani, mkono mdomoni. Baadaye alirudi na tenga kuukuu, akaliweka mbali kabisa na mpera.

"Yafunikeni hayo mayai yenu," alisema. "Ila mimi sisogei hapo."

Lakini chai alikubali kunywa, na akaketi hadi alasiri.