Ukoo wa Collier umefika Mkuza

Jamani, leo nimeshinda bila kufungua mdomo!

Jirani yangu hapa Mkuza, Mama Neema, binti yake ameolewa na Mwingereza. Tangu hapo hatupumui.

"Neema sasa ni wa ukoo wa Collier, siyo nyie watu wa masizi."

Masizi ni sisi. Baba yangu anachoma mkaa kule Masaki. (Masaki ya Kisarawe, siyo ile ya matajiri, msianze!)

Leo katualika chakula, mimi na baba, tukamwone mkwe. Kijana mpole, Kiswahili anakiweza. Kampa baba shikamoo, akamuuliza anafanya kazi gani.

Mama Neema akadakia: "Mzee ni mkulima!"

Baba akasema, "Nachoma mkaa, mwanangu."

Mkwe akaruka kwenye kiti. "Hata sisi! Collier ni Kiingereza cha zamani, maana yake mchoma mkaa. Babu zetu walipewa jina kwa kazi hiyo!"

Kijiko cha Mama Neema kikagoma kufika mdomoni.

Nyie mngejizuia kucheka? Mimi nilijificha nyuma ya glasi ya juisi.

Baba akainuka, akamkumbatia kijana, kisha akamgeukia mwenye nyumba:

"Hongera, Mama Neema. Kumbe Neema umemwozesha kwetu!"